Kwa nini waimbaji wa roki hurekodi nyimbo za wenzao, na bendi ya Unguja ifanyeje ikitaka kufanya hivyo

SWALI: Assalamu alaikum. Napiga gitaa kwenye bendi ya vijana watano. Mazoezi tunafanya Michenzani, na kazi tunapiga mahotelini, Nungwi na Paje. Tumechanga pesa ya siku mbili za studio, tunataka kurekodi nyimbo nne. Mimi nataka moja iwe ya zamani ya taarab, iliyoimbwa na mwanamke, tuipige kiroki. Mwimbaji wetu, ambaye ni mwanamme, amekataa. Anasema kurekodi nyimbo ya mtu ni uvivu, na kukopi tunakokopi hotelini kunatosha. Lakini naona waimbaji wakubwa wa roki karibu wote wamerekodi nyimbo za wenzao. Kwa nini wanafanya hivyo na hali kutunga wanajua? Na sisi tukikubaliana, tuanzie wapi?

JIBU: Waalaikumu salamu. Mwimbaji wenu msimcheke, ana nusu ya haki. Kava, yaani wimbo wa mtu uliorekodiwa upya na mwingine, ikifanywa kwa sababu bendi imeishiwa ni uvivu kweli, na msikilizaji huinusa kabla ubeti wa pili haujafika. Ila amechanganya mambo mawili. Kukopi hotelini ni kumpa mgeni kile anachokikumbuka. Anataka Jambo Bwana ya Them Mushrooms kama ilivyotoka mwaka 1982, na mkimbadilishia anarudi kwenye sahani yake. Kurekodi ni kinyume chake. Rekodi ya kwanza ipo, iko kwenye simu ya kila mtu, haihitaji pacha. Kava inayostahili studio ni ile inayotoa ndani ya wimbo kitu ambacho mwimbaji wa kwanza hakukitoa. Waimbaji wa roki wanaoijua kazi yao hukitafuta hicho. Wengine, tuseme ukweli, walitafuta pesa, au muda, au kumaliza kesi.

Tangulieni kujua kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani na Uingereza, kutunga mara nyingi ilikuwa kazi ya mtu mmoja na kuimba kazi ya mwingine, kama kwenye taarab ambako shairi lina mtunzi wake, muziki una mtiaji wake, na mwimbaji ni mtu wa tatu. Hakuna aliyemwuliza mwimbaji kama wimbo ni wake. Elvis Presley alianza mwaka 1954 na That's All Right, ambao Arthur Crudup alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Na neno kava lilikuwa la kibiashara. Kampuni ikiona wimbo wa kampuni nyingine unatembea, inamwita mwimbaji wake haraka aurekodi ili soko wagawane. Pat Boone aliuchukua hivyo Tutti Frutti wa Little Richard, akaulainisha maneno, na ya kwake ikapanda juu zaidi kwenye chati ya jumla kuliko ya mwenyewe, kwa kuwa milango iliyofungwa kwa kijana mweusi ilikuwa wazi kwa kijana mweupe. Doa hilo lipo kwenye historia ya kava na halifutiki, na ndiyo maana huko nyuma kuna watu waliolisikia neno hilo kwa uchungu.

Beatles walipoingia studio London tarehe 11 Februari 1963 walikuwa na siku moja tu ya kunasa nyimbo kumi. Albamu yao ya kwanza ina nyimbo 14, na 6 kati ya hizo ni za watu. Kutunga walikuwa wanajua. Kilichopungua ni muda, na zile za watu walikuwa wamezipiga Hamburg na Liverpool usiku baada ya usiku mpaka vidole vinakwenda vyenyewe. Twist and Shout, ulioimbwa na Isley Brothers mwaka 1962, waliubakisha mwisho wa siku kwa makusudi, maana John Lennon alikuwa na mafua na walijua utaimaliza sauti yake. Mkupuo wa kwanza ndio uliomo kwenye albamu. Walipojaribu wa pili, sauti haikuwapo tena. Hesabu hiyo inawahusu na nyinyi: wimbo mliokwisha kuupiga mara mia mbili hurekodiwa kwa saa mbili tatu, na mpya unaweza kula siku nzima huku mkibishana unaishaje. Bendi yenye siku mbili za studio ikiweka kava moja kati ya nyimbo nne, hapo imepanga matumizi tu, uvivu haumo.

Rolling Stones nao walianzia huko huko, na Come On ya Chuck Berry mwaka 1963, na albamu yao ya kwanza karibu yote ni ya wengine. Meneja wao ndiye aliyewasukuma Jagger na Richards wakae watunge. Alijua pesa inakokwenda.

Inakwenda hivi. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake: utungo, yaani maneno na mahadhi, na rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Anayefanya kava anaimiliki rekodi yake, lakini utungo unabaki kwa mwenyewe, na kila nakala ikiuzwa mwenye utungo anakatiwa chake. Marekani sheria imeweka kiwango tangu mwaka 1909. Kilianza senti 2 kwa nakala, na mwaka 2025 kilikuwa senti 12.7 kwa wimbo usiozidi dakika 5, kwa hiyo nakala 1,000 ni dola 127. Wimbo ukishatolewa mara ya kwanza kwa ridhaa ya mwenyewe, yeyote anaweza kuurekodi bila kuomba ruhusa, mradi alipe na asiguse mahadhi ya msingi wala kuugeuza kuwa kitu kingine. Wachache hulitaja hilo wanapoulizwa swali kama lako, lakini ndilo lililofanya kava ziwe nyingi hivyo kwenye roki: sheria ya kule imeacha mlango wazi. Redio za kawaida za Marekani, nazo, humlipa mtunzi wimbo unapopigwa na hazimlipi mwimbaji. Otis Redding alitunga na kuuimba Respect mwaka 1965. Aretha Franklin akauchukua mwaka 1967, akaugeuza mwanamke ndiye anayedai heshima, na leo watu wengi wanadhani ni wake. Redio ilipoupiga, fungu lilikwenda kwa upande wa Redding.

Na kuna aliyerekodi kava kwa sababu ya kesi. Lennon alidaiwa kwamba Come Together, wa mwaka 1969, umechota kwenye You Can't Catch Me ya Chuck Berry. Wakasuluhishana kwamba atarekodi nyimbo tatu zinazomilikiwa na mdai. Albamu yake ya Rock 'n' Roll ya mwaka 1975, iliyojaa nyimbo za ujanani mwake, imezaliwa kwenye suluhu hiyo. Ukiisikiliza hujui, unadhani ni mapenzi tu. Na mapenzi yamo pia.

Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa Mjini tarehe 5 Septemba 1946 na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, anafaa kumwonesha mwimbaji wenu kwa kuwa alifanya kava mbili kwa nia mbili. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Queen, haijatoka, prodyuza wa studio waliyokuwa wakirekodia alikuwa akijaribu mlio fulani, akamwita aje amwimbie I Can Hear Music. Ikatoka mwaka 1973 kwa jina la bandia, Larry Lurex, na haikufika popote. Kile kilikuwa kibarua. Mwaka 1987 akarekodi The Great Pretender, aliyoitunga Buck Ram na The Platters wakaitoa mwaka 1955, nayo ikafika nafasi ya 4 Uingereza. Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni kinywa. The Platters waliimba mtu anayeficha jeraha la mapenzi. Mercury ni mtu aliyekaa jukwaani miaka na miaka kwa vazi la kifalme, anasimama mbele yenu anasema mimi najifanya tu. Johnny Cash aliingia kwa mlango huo huo mwaka 2002 alipoimba Hurt. Trent Reznor aliutunga hajafika miaka 30, na Cash alikuwa na miaka 70, mgonjwa. Alibadilisha fungu moja tu la maneno. Umri wake ulifanya kazi iliyobaki.

Hiyo ni njia moja: mwimbaji mwingine, maana nyingine. Njia ya pili ni ya wapigaji, na ndiyo inayokuhusu wewe mwenye gitaa. All Along the Watchtower ya Bob Dylan, ya mwaka 1967, ina kodi tatu (za gitaa, si za serikali: sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazozunguka mwanzo hadi mwisho, haina kiitikio, na imepigwa kwa gitaa kavu, besi, dramu na kinanda cha mdomo. Imejaa nafasi tupu. Jimi Hendrix mwaka 1968 aliziona nafasi hizo. Kati ya beti akaweka gitaa, kila mara kwa mlio tofauti, likateleza, likalia wawa, mpaka gitaa likawa kama msemaji wa tatu kwenye mazungumzo ya shairi. Dylan mwenyewe baadaye akawa anaupiga jukwaani kwa kumfuata Hendrix. Mwaka huo huo Joe Cocker aliuchukua With a Little Help from My Friends, ambao Beatles waliupiga kwa mwendo wa nne uliochangamka, dakika mbili na kitu, akaupeleka kwenye sita kwa nane (mapigo madogo sita kwa kila kipimo) ya polepole, dakika tano. Wimbo wa kirafiki ukawa wa mtu anayezama. Alichogusa hasa ni hesabu ya mapigo.

Mfano ninaotaka muukalie bendi nzima ni wa Dick Dale. Baba yake alikuwa na asili ya Lebanon, na mwaka 1962 aliuchukua Misirlou, wimbo wa zamani wa pwani ya mashariki ya Mediterania uliorekodiwa kwa Kigiriki tangu mwaka 1927, akaupiga kwa gitaa la umeme kwa kasi, mahadhi yakikimbia juu ya uzi mmoja. Maqamu yake, yaani mpangilio wa sauti unaojenga mahadhi, ni hijazkari, jamaa wa zile mnazozisikia kwenye taarab. Kwa hiyo kuchukua sauti za Mashariki na kuzitia kwenye roki si ugeni wala kufuru, ilifanyika zamani na ilifanyika vizuri. Taarab yetu nayo imelelewa kwa njia hiyo: vikundi vilipokea mahadhi ya Misri na ya filamu za Kihindi vikayavika mashairi ya Kiswahili, na Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti binti Saad miaka mingi baada ya Siti, kwa sauti ambayo Siti hakuwa nayo. Mwambieni mwimbaji wenu kama huo nao ulikuwa uvivu.

Sasa kazi yenyewe. Jueni wimbo mnaoutaka uko kwenye maqamu gani, kwa sababu hapo ndipo bendi za gitaa huanguka. Mkikuta hijazi, mmepata nafuu. Ukianzia E, hijazi ni E, F, G♯, A, B, C, D, na zote zimo kwenye freti, vile vyuma vya shingo la gitaa. Mkikuta bayati au rasti, kuna robo toni, yaani sauti inayoangukia katikati ya freti mbili. Rasti ya C inashusha E na B kwa robo toni, na bayati ya D inashusha E. Gitaa lenye freti halina sauti hiyo. Kosa la kawaida ni mpiga gitaa kuchagua E kamili au E♭ kwa kuwa "imekaribia". Mwimbaji anaimba ya kwake, gitaa la kwake, na wasikilizaji wa Mjini wanajua kuna mtu kakosea hata kama hawawezi kusema ni nani.

Dawa ipo, na kwa bahati imo ndani ya roki yenyewe. Gitaa lenye distosheni, ule mlio mzito unaokwaruza, hupigwa kodi ya sauti mbili, ya kwanza na ya tano, bila ile ya tatu katikati, kwa sababu distosheni huongeza sauti nyingine juu ya zile ulizopiga, na ukitia ya tatu mlio unakuwa tope. Kwenye rasti ya C, sauti ya tatu ndiyo hiyo E yenye ugomvi. Ukipiga C na G tu, umemwachia mwimbaji nafasi aiweke E yake pale anapoitaka. Kwenye bayati ya D tumieni kodi za D, G, C na F za sauti mbili mbili, na mkwepe A kama moto, maana kodi ya A inabeba E kamili tumboni. Ukitaka gitaa lenyewe liguse robo toni, shika E♭ kisha vuta uzi kidogo tu, nusu ya unavyovuta kwa nusu toni. Mazoezi ya wiki mbili na kinanda kilichotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, vile vyenye vitufe vya kushusha robo toni, yatalielekeza sikio.

Ufunguo, yaani sauti ya nyumbani ya wimbo, usichaguliwe na gitaa. Mwanamme akiuchukua wimbo wa mwanamke kwa ufunguo ule ule na kushuka oktava nzima, sauti inazama, anaimba kama anasema siri. Akiuimba juu kama ulivyo, anapiga kelele ubeti wa kwanza na wa tatu haufiki. Tafuteni noti ya juu kabisa ya wimbo, mumsikilize mwimbaji mwisho wa mazoezi, si mwanzo, akiwa amechoka, na mwone anafika wapi kwa nguvu bila kukwaruza. Noti ya juu ya wimbo ikae toni moja chini ya hapo. Mara nyingi mtajikuta mmeshuka nusu toni 4 au 5. Wimbo ulio kwenye A ukishuka nusu toni 5 unatua E, na E ni ule uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi, kwa hiyo sauti inapata pa kuegemea na wewe mpigaji huna la kulalamika.

Halafu mizani, yaani silabi za mshororo, ambayo bendi nyingi hazigusi kabisa. Shairi la kawaida lina mshororo wa mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila kipande cha mizani 8 kinaweka mkazo kwenye mizani ya saba. Chukueni huu, ni wa kupimia tu: Chombo kimetweka tanga, bandarini hakifiki. Cho-mbo-ki-me-twe-ka-TA-nga. Ba-nda-ri-ni-ha-ki-FI-ki. Sasa hesabuni sita kwa nane, silabi moja kwa kila pigo dogo, mkianzia pigo la kwanza. Sita zinajaza kipimo cha kwanza, na TA, ya saba, inaangukia pigo la kwanza la kipimo cha pili, pale ambapo dramu inagonga. Inabaki nga, kisha mapigo manne madogo ya kuvuta pumzi au ya gitaa kujibu. Mnaweza kuona kwa nini mashairi yetu yanakaa starehe kwenye sita kwa nane.

Fanyeni vivyo hivyo kwenye mwendo wa nne wa roki, silabi moja kwa kila nusu pigo, mkianzia pigo la kwanza: TA inaangukia pigo la nne, ambalo ni dhaifu, na cho, ambayo ndiyo mkazo wa neno dogo tu, inapata kishindo cha kwanza. Mshororo unakwenda kwa kuchechemea, mwimbaji anaanza kukaza maneno mahali pasipo pake, anasikika kama mgeni anayesoma Kiswahili. Kurekebisha ni rahisi: msianze pigo la kwanza, anzeni la pili. Cho inaingia pigo la pili, na TA inatua pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Baada ya nga mna mapigo matatu ya gitaa kabla kipimo hicho hakijaisha. Jaribuni zote mbili kwa simu, msikilize kesho yake asubuhi. Mkiamua sita kwa nane nzito kama ya Cocker, jaribuni mapigo makubwa 56, 60 na 64 kwa dakika kabla ya kuchagua. Tofauti ya nne ni ndogo kwenye karatasi, ila inatosha kugeuza wimbo wa huzuni kuwa wa usingizi.

Urefu una mtihani wake. Wimbo wa taarab unaweza kwenda dakika kumi na zaidi kwa kuwa ala zina zamu yao na mtunzaji anapita na noti ya pesa mkononi. Kiroki mnataka dakika nne au tano. Kateni marudio na vipande vya ala, beti ziacheni kadiri mnavyoweza. Fumbo la shairi hufungwa ubeti mmoja na kufunguliwa mwingine, na ukikata ubeti wa kati kwa kuwa tu "ni mrefu", unabaki na kitendawili kisicho na jibu. Mkilazimika, aliyetunga au anayelijua shairi ndiye aseme ubeti gani uondoke.

Siku ya studio, badilisheni nyuzi za gitaa siku moja kabla, si asubuhi hiyo, maana nyuzi mpya huteleza, na za zamani hapa kwetu zimekwisha kuliwa na chumvi. Feni itazimwa wakati wa kurekodi sauti, chumba kitapata joto, na gitaa litapanda na kushuka. Pimeni nyuzi kabla ya kila mkupuo, hata kama prodyuza anakunja uso. Rekodini dramu, besi na gitaa la kodi pamoja, na metronomu (mashine ya kuhesabu mapigo) masikioni mwa mpiga dramu peke yake, mwimbaji akiimba sauti ya kuongozea tu. Sauti ya kweli ifuate baadaye, mikupuo mitatu mizima kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kuanza kubandika vipande. Msimchezee rekodi ya zamani siku hiyo, wala wiki hiyo. Ataanza kumwigiza yule bibi mpaka namna anavyovuta pumzi, na hapo mmerudi kwenye kukopi.

Limebaki la ruhusa, ingawa kwa tarehe lingetangulia. Mlango ule wa Marekani wa kulipa bila kuomba msiuhamishie hapa. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, na pa kuanzia kuuliza ni hapo: wimbo umesajiliwa kwa nani, na ada gani zinahusika. Ulizeni mwenye shairi ni nani na mwenye muziki ni nani, kwa sababu kwenye taarab mara nyingi ni wawili, na aliyeimba anaweza asiwe yeyote kati yao. Kupewa baraka na mtoto wa mwimbaji si ruhusa ya mtunzi. Karatasi ya ruhusa iseme mambo matatu: kurekodi, kutoa mtandaoni, na kupiga video, kwa sababu video ni ruhusa yake peke yake, hata Marekani. Msichukue hata sekunde tano za rekodi ya zamani kuweka mwanzoni kama pambo. Hapo mmeingia kwenye mali ya pili, rekodi, yenye mwenyewe mwingine, na mitandao ya video inazikamata sauti kama hizo kwa mashine bila kuuliza.

Na kama wimbo ni wa kale usiojulikana mtunzi, andikeni "wa jadi, umepangwa na" kisha majina yenu yote watano. The Animals mwaka 1964 waliurekodi House of the Rising Sun, wimbo wa jadi, kwenye sita kwa nane, na kwenye lebo mpangaji akaandikwa mmoja tu, mpiga kinanda Alan Price. Malipo ya upangaji yakawa yake, na wenzake walilalamika miaka mingi. Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyeurekodi Mbube mwaka 1939, alifariki mwaka 1962 akiwa maskini wakati wimbo wake ukizunguka dunia kwa jina jingine, na warithi wake walifikia suluhu mwaka 2006. Kwa hiyo jina la mtunzi liende kwenye kila mahali mtakapoupeleka wimbo, kwenye sehemu ya mtunzi, si chini kabisa pamoja na shukrani.

Mkienda kumwona mwenye wimbo au warithi wake, nendeni na rekodi ya simu, gitaa moja na sauti, kabla hamjalipia studio. Mpelekeni mwimbaji wenu aimbe mwenyewe pale barazani. Akiambiwa "mshororo huo sivyo ulivyo", mna wiki nzima ya kuurekebisha, na gharama yake ni nauli ya daladala.